Salamu za Siku ya Posho

Kwa miaka mitatu mume wangu alimwambia mama yule mambo ambayo hakuniambia mimi, na nusu ya mji wa Likasi ilikuwa inasikiliza.

Sitamtaja jina. Wengi hawalijui hata hivyo. Kwenye radio alikuwa Mama wa Salamu, sokoni alikuwa Mama wa Salamu, na padri alipotaka asome somo siku ya Mungu alimwita kwa kidole na kusema, "Mama wa Salamu, tafadhali." Isitoshe, nikilitaja jina lake nitaonekana ninamshtaki au ninamsifu, na mpaka leo sina hakika ninafanya lipi. Alizaliwa wapi, kabila lake ni lipi, ukoo wake ulifikaje kwenye migodi yetu, hayo waulize wengine. Mimi nina yale niliyoyaona kwa wivu, na nilimtazama sana.

Alikuwa mfupi, mwembamba wa mabega, na nywele alizikata karibu na kichwa kama mwanafunzi wa masista. Alivaa viatu vya turubai vya kiume. Lakini sauti! Ilikuwa nene na ya taratibu, ungeidhania ya mwanamke mwenye kifua kikubwa na watoto kumi. Watu waliomwona mara ya kwanza walitazama nyuma yake, wakimtafuta mwenye sauti. Hilo nalo lilinikera. Mimi nina mwili, na nikisema redioni nadhani ningesikika kama kuku.

Radio yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Hali ya hewa ikiwa nzuri ilisikika hadi Kambove, na gereza la Buluo, ambako walisema hata wafungwa waliisikiliza. Kipindi chake kilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita sisi, saa kumi alasiri. Umeme ukikatika waliwasha jenereta, nasi tukaisikia ikinguruma nyuma ya maneno yake. Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nyumbani kwetu mtaa wa Kikula, katika chumba cha mbele nilichokigeuza duka la ushonaji, na wateja walikuja makusudi saa hiyo kwa sababu radio yangu ilikuwa na sauti safi. Niliiwasha kwa ajili ya wateja. Ndivyo nilivyojiambia.

Hakuanza na askari. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa anasoma matangazo: fulani amefariki, mazishi kesho, kadi ya uchaguzi imeokotwa Shituru, mbuzi mweusi mwenye doa jeupe amepotea. Kisha vita vya mashariki vikawaka upya, na vijana wengi wa kwetu waliokuwa jeshini wakapelekwa huko. Siku moja mama mmoja wa Shituru akamletea karatasi. Akamwambia, "Soma jina ya mutoto wangu sawa vile unasomaka ya benye walikufa. Lakini sema iko muzima." Akasoma. Posho iliyofuata mlangoni palikuwa na wamama wamejipanga, kila mmoja na karatasi yake.

Kipindi kilizaliwa hivyo, na yeye mwenyewe alikisimulia hivyo kila alipoulizwa, bila kuongeza kitu. Fundi mitambo alikirekodi, akakituma kwa simu, na askari huko mbele wakapitishiana. Baada ya muda sauti zikaanza kurudi. Askari walijirekodi, wakatuma kwa namba ya radio, naye akazipitisha hewani.

Alifungua kwa maneno yale yale, kwa walioko vitani kisha kwa tuliobaki nyumbani: "Jambo yenu benye muko mbele. Jambo yenu benye muko nyuma." Halafu majina. Alitaja cheo cha askari, jina, mtaa, jina la mama yake, kisha jambo moja dogo kuhusu mtu huyo. Sajini fulani wa Panda, mwenye aliogopaka mbwa. Koplo fulani, mwenye alikula mboga ya sombe ya ndugu zake yote na kusema ni paka. Hakutumia neno shujaa. Siku moja mkubwa mmoja wa mji alimletea hotuba iliyojaa mashujaa na damu na bendera, naye akaisoma yote, hakuruka neno, kwa sauti ile ile ya tangazo la mbuzi mweusi mwenye doa jeupe. Nilicheka peke yangu mpaka uzi ukakatika. Ni mara moja tu nilimpenda bila kutaka.

Nusu ya pili ilikuwa ya watu wa nyuma. Hapo hakukubali karatasi tu. Alienda kuona kwa macho, kwa miguu, na vile viatu vyake. Ukimwambia jirani yako anamlimia shamba mama wa askari, alikwenda kutazama shamba. Alimsalimu dereva wa lori aliyebeba vifurushi vya familia hadi Lubumbashi, na mzee mstaafu wa kiwanda aliyeandika barua za wamama wasiojua kuandika. Alimsalimu jirani yangu wa ukuta, Mama Deborah, kwa sababu ya samaki aliokausha na kumtumia kaka yake. Dakika nzima ya samaki! Namna alivyowapasua, namna alivyogeuza moshi. Wiki nzima Mama Deborah alitembea kifua mbele, akiulizwa na kila mtu habari za moshi.

Na mimi? Mimi nilikuwa "na bibi yake." Koplo wa Kikula, mtoto wa mama fulani, na bibi yake. Nilimngoja afike kwangu na viatu vyake. Nilifagia mbele ya mlango kila posho asubuhi. Hakuja.

Sasa niseme habari za mume wangu. Tumezoea kumwita Baba Naomie, kwa jina la binti yetu. Ni mtu wa maneno machache. Aliponichumbia, dada zangu waliuliza kama anaumwa koo. Alipokuwa mashariki alipiga simu alipopata mtandao, na mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Allô. Niko muzuri. Naomie?"

"Iko. Iko na homa kidogo. Na nyumba inavuya, upande wa kitanda. Na viatu vya masomo vimepasuka."

"Bon. Nitaona. Bakia muzuri."

Kisha alikata simu. Miaka tisa ya ndoa, na ndivyo tulivyoongea. Sikuona ubaya. Nilidhani ndani yake hakuna zaidi ya hayo, kama chungu ukikipiga kikalia kitupu.

Basi posho moja, duka limejaa, wateja watatu wanapimwa sare za kwaya, nikaisikia sauti ya mume wangu ikitoka kwenye radio. Si salamu ya kawaida. Alisema, "Mama wa Salamu, huku mvua inanyesha tangu siku ine. Haina harufu. Pa Likasi mvua inanukaka chuma, unakumbuka? Siku ya kwanza walinipa bunduki nilienda mu choo, nikalia. Sikuambia muntu. Sasa nakuambia weye."

Mteja mmoja, mke wa mchungaji, alijifuta macho kwa tepu yangu ya kupimia. "Mama Naomie," akasema, "Mungu alikupa bwana muzuri! Anasemaka vile hata mu nyumba?"

"Njo," nikaitikia kwamba ndiyo. "Kila siku."

Nikajichoma sindano kidoleni, ikaingia hadi mfupani.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Kila posho nilingoja, na mara mbili kwa mwezi au zaidi akasema. Alimwambia kuhusu rafiki yake aliyezimia kwa njaa. Alimwambia kwamba anahesabu miti ya jakaranda ya barabara yetu kichwani ili apate usingizi, na kwamba hufika kwenye mti wa kumi na saba akakwama. Mji mzima ukaanza kumpenda. Sokoni muuza nyanya aliniuliza, "Alisha kufika ku muti ya kumi na munane?" Nami nilikuwa sijui ana hesabu yoyote. Nilikwenda kuihesabu ile miti. Nilijisikia mjinga, mwanamke mtu mzima, ninamfuata mume wangu kwenye barabara ambayo alimfungulia mwingine.

Nilimpeleleza pia. Panda, alikokaa, ni mbali na kwetu, lakini nilijipa kisingizio cha kupeleka nguo. Nilitaka kukuta nyumba yenye mapazia na manukato. Nikakuta uwanja wa udongo, nguo mbili kwenye kamba, na yeye mwenyewe anagombana na jirani juu ya ukuta. Jirani alikuwa ameomba chumvi. "Jana ulikamata, leo tena? Minye si duka!" alisema, akafunga mlango. Huyo ndiye aliyesema kila posho kwamba watu wa nyuma ni mikono iliyofunguka! Nilifurahi sana. Nilirudi Kikula nikamwambia Mama Deborah, na Mama Deborah akawaambia wengine, kama nilivyotaka.

Watu waliomjua walikuwa na visa vingine. Kwamba nyumbani kwake hakuna radio, ukimuuliza alijibu, "Nilishaisikia." Kwamba hakukubali zawadi, hata ndizi, ila munkoyo, na munkoyo alikunywa amesimama, akarudisha kikombe, akaondoka bila kusema asante. Kwamba kwenye sherehe za watu alikaa karibu na mlango. Na hiki, ambacho sikukiamini mpaka nilipokiona: alikuwa anawaogopa askari. Nilimwona barabara ya kwenda stesheni. Vijana wawili wenye sare walikuwa wanakuja, wanacheka, hawana neno na mtu, naye alishuka barabarani, akavuka upande wa pili kati ya pikipiki, akasimama na uso ukutani mpaka wakapita. Nikajiuliza, huyu anatuchezea? Anawaita watoto wa watu kila wiki kwa sauti ya mama, na akiwaona anakimbia?

Hilo likanipa ujasiri. Posho iliyofuata, kabla ya kipindi, nilikwenda radioni. Nilivaa kitenge changu kizuri. Nilimkuta mezani, karatasi mbele yake, anapiga mstari chini ya majina kwa rula.

"Mama, nilikuya juu ya bwana yangu."

"Bwana yako njo nani?"

Nikamtajia. Akainua macho. "Ah. Weye njo bibi yake."

"Minye njo bibi yake. Sitaki upitishe tena sauti yake. Na jina yake usisome."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nimeandaa habari ya chumvi na habari ya kuwakimbia askari. Nilitaka abishe.

"Sawa," akasema. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la mume wangu, taratibu, umenyooka.

"Hauniulize ni juu ya sababu gani?"

"Weye njo bibi. Umesema. Sawa."

Fundi mitambo akanitazama kupitia kioo. Nikatoka nje, jua linawaka, na moyo wangu ulikuwa mzito kuliko nilivyoingia. Nimeshinda, nikajiambia. Nilipofika nyumbani kipindi kilikuwa kimeanza, na majina ya Kikula yakapita moja baada ya jingine, na la mume wangu halikuwemo, na ni mimi niliyelitoa.

Wiki ya kwanza hakupiga simu. Ya pili alipiga. Akasema, "Niko muzuri," lakini hakumwulizia Naomie. Ya tatu, mke wa mwenzake aliyekaa karibu na stesheni alinisimamisha. "Bwana yangu anauliza," akasema, "bwana yako alifanya nini ubaya ku nyumba? Kila posho anasikiliza mpaka mwisho, kisha anavaa kofia anaenda peke yake. Anasema nyumba ilimusahau." Nilimwambia ni makosa ya mitambo. Kisha simu ya mume wangu ikazimika. Nilipiga asubuhi, nilipiga jioni, ikasema haipatikani. Tukasikia kwamba huko kumepigwa mabomu. Mke yule wa stesheni naye hakuwa na habari. Wiki tano. Nilishona mikono ya mashati nikaiweka mahali pa shingo, nikafumua, nikashona tena vile vile.

Siku ya Mungu, baada ya misa, nilikwenda Panda. Sikuvaa kitu kizuri. Alikuwa anachambua mboga kwenye kibao mbele ya mlango. Hakuniambia karibu wala hakunifukuza. Nikakaa chini, juu ya tofali.

"Mama, soma jina yake. Naomba."

"Nitasoma."

Alitupa majani mabaya upande mmoja, mazuri upande mwingine. Ningeweza kuondoka, nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta. Lakini wivu haukuniacha hata pale, hata nikiwa sijui kama mume wangu yu hai.

"Unamupa nini, mama? Juu ya nini anakuambiaka ile yote, na kwangu anasemaka niko muzuri tu?"

"Namupa nini?" Alishangaa kweli. "Nilimuuliza tu."

"Ulimuuliza nini?"

"Alituma salamu ya kwanza, fupi, sawa ya bote. Nikamurudishia sauti. Nikamuuliza: mvua ya kule inanukaka nini? Mara ya pili nikamuuliza: siku ya kwanza ulikuwa namna gani? Njo yote. Weye akikuita unamuulizaka nini?"

Nikafikiri. "Minye namuambiaka mambo ya nyumba."

"Ile pia ni muzuri." Akatupa jani. "Lakini nyumba inavuya, mutoto iko na homa. Atakuambia anaogopa? Ana haya. Kwangu hana haya. Minye si bibi yake, minye si mama yake. Akiniambia analia, hakuna kintu inaharibika."

Ndipo nikamuuliza lile jingine, la askari, kwa ubaya kidogo, kwa sababu alikuwa ameniuma. "Na weye, juu ya nini unakimbiaka basoda mu barabara? Nilikuona."

Mikono yake ikasimama.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Basoda waliingia kwetu. Wa upande gani, sijue, walikuwa na nguo moja bote. Walipiga papa yangu na fimbo mpaka akaanguka, akabakia vile, hakutembea tena muzuri. Mama alienda kulalamika. Wakamuuliza: nani alimupiga? Akasema: basoda. Wakamuuliza: jina? Hakuwa na jina. Wakamurudisha ku nyumba."

Aliendelea na mboga yake.

"Sasa hawa, minye nataka majina. Kila moja, na jina ya mama yake, na mtaa. Muntu mwenye Panda nzima inamujua aliogopaka mbwa, kama anainua fimbo juu ya muzee wa watu, labda mukono itasimama kidogo. Labda. Sijue. Lakini nawaogopa tu, mwili yangu haisikie redio."

Aliinuka, akaingia ndani. Nilidhani amenichoka. Akarudi na chumvi kwenye kipande cha karatasi, akaniwekea mkononi, kana kwamba nilikuwa nimeiomba. Mpaka leo sijui kama alisikia yale niliyomsambazia sokoni. Niliipokea. Ningefanya nini?

Posho ile alisoma jina lake. Alilisoma la kwanza. Alisema, "Koplo wa Kikula, kama unasikia, nyumba yako haikukusahau. Jina yako ilipotea mu karatasi zangu. Kosa ni ya minye." Mbele ya Likasi nzima, na Kambove, na wafungwa wa Buluo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, wateja pembeni, na mke wa mchungaji akasema, "Wazee nao wanasahau, maskini." Sikumsahihisha.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo, asubuhi, Mama wa Salamu aliingia dukani kwangu. Ndiyo mara pekee aliyokuja. Alikuwa ametembea kutoka Panda, vumbi hadi magotini, na simu ya radio mkononi. Hakuketi.

"Ilifika mu asubuhi," akasema. "Sikupitisha. Sikiliza weye kwanza."

Akanipa simu, akatoka nje, akasimama juani upande wa pili wa barabara, amenipa mgongo. Ilikuwa sauti ya mume wangu, ya juu mno, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Yuko hospitali. Bomu lilianguka karibu. Mwili mzima, lakini masikio hayasikii vizuri. Simu yake ilipotea, hii ni ya muuguzi. "Mwambie bibi yangu," alisema, "namba yake siikumbuke ku kichwa. Yako tu njo naikumbuka."

Nililia kwa furaha, na katikati ya furaha ile ile nikawaza: yako tu. Yangu hakuijua. Nilitoka kumrudishia simu, na nilitaka kumshukuru, lakini maneno yalikwama palipokuwa wivu, na yeye hakuyangoja. "Iko muzima," akasema. "Bon." Akaondoka na viatu vyake.

Mume wangu alirudi baada ya miezi. Sikio la kushoto limekufa. La kulia linasikia ukipiga kelele karibu. Wiki ya kwanza tu alisema anataka kwenda kumwona Mama wa Salamu; alikuwa hajawahi kuuona uso wake, kipindi kilianza yeye akiwa tayari mashariki. Nikasema, Panda ni mbali, pumzika kwanza. Nikasema, anaumwa. Nikasema, anapokea watu siku fulani tu. Wakati huo alikuwa ameshaacha kutangaza. Sauti ilimpasuka, ikatoka na upepo, na kijana mmoja alichukua kipindi akaweka muziki mwingi. Mume wangu hakujua, hakuweza tena kusikiliza radio. Nami sikumwambia. Nilikuwa naye nyumbani, kimya kama zamani, na nilitaka kimya chake kiwe changu chote.

Kisha siku moja mchana tulikuwa tunatoka kwa daktari wa masikio, tukapita kituo cha mabasi ya Kolwezi. Mama wa Salamu alikuwa amesimama pale, kando ya gari, na mfuko mkubwa uliofungwa kwa kamba. Alikuwa amekonda. Aliniona, akamwona mume wangu, akajua. Niliona usoni mwake kwamba alijua. Akasogea hatua mbili.

"Jambo, Mama Naomie," akasema, kwa sauti iliyobaki.

Mume wangu akainamisha sikio lake zima. "Ni nani?"

Nikampigia kelele sikioni. "Ni muteja yangu tu! Namushoneaka!"

Mama wa Salamu akanitazama. Haukuwa mtazamo mrefu. Kisha akasogeza kinywa karibu na sikio la mume wangu, akapaza kadiri alivyoweza, "Njo! Bibi yako anashonaka muzuri!" Mume wangu akatabasamu kwa adabu, akampa mkono, akasema asante mama. Yeye akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Akauachia. Utingo akaita, Mama wa Salamu akapanda, akakaa upande wa pili, mbali na dirisha lililotuelekea.

Tulitembea hadi Kikula. Nilipika bukari, ugali wetu, nikaweka samaki wadogo wa kapenta. Jua lilikuwa halijazama. Tulianza kula, na tonge langu la kwanza nikalirudisha sahanini. Basi nikamwambia. Na kwa kuwa hasikii, ilinibidi nipige kelele, nikiwa nimekaribia sikio lake, uani kwetu, mbele ya kuta zote.

"Ule mama wa leo! Njo Mama wa Salamu!"

Aliacha kula.

"Nilikudanganya! Niko na wivu! Ile yote ulimuambiaka yeye, minye haukuniambia! Na jina yako haikupotea mu karatasi! Minye njo nilienda kuitoa!"

Kwa Mama Deborah walizima muziki. Mtaa wote ulikuwa umesimama unasikiliza. Mume wangu alitazama vidole vyake vyenye bukari. Mwishowe akanawa mikono, akasema, "Kesho tutaenda kwake."

Tulikwenda asubuhi. Nyumba ya Panda ilikuwa na kufuli. Yule jirani aliyenyimwa chumvi alitoka, akasema amehama, amekwenda kwa binti yake Kolwezi, na harudi tena. Alisema hivyo akafuta macho kwa kiganja. Alituandikia namba mpya ya simu.

Mume wangu alikaa palepale, kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, akachukua simu yangu, akabonyeza kurekodi, akaanza kusema. Alisema kwa sauti ile ya kuita ng'ambo ya mto, lakini mimi nilisogea mbali nisisikie, nilifika hadi barabarani na kuwapa mgongo yeye na maneno yake. Alipomaliza akaniita.

"Sikiliza kama ilishika muzuri. Minye siwezi kujua."

"Ni yako na yeye," nikasema kwa mikono.

"Sikiliza."

Nikaiweka sikioni. "Mama," alisema, "njo minye, wa Kikula. Jana nilikukamata mukono na sikukujua. Bibi yangu alikuficha. Usimukasirikie. Ile yote nilikuwa nakuambia kule mbele, nilikuwa najua posho saa kumi yeye anashonaka na radio inafunguka. Nilikuwa naambia yeye. Mu simu nilishindwaka, anauliza viatu, nasema bon. Nilikuwa napitisha kwako tu." Kisha akamweleza habari za sikio, na za Naomie aliyepanda darasa, na za mvua ya mwaka huu, na jinsi alivyoipitia ile miti yote kwa miguu akaikuta ni thelathini na mbili, na mengine, na mengine.

Ilikuwa ya dakika nne na kitu. Kwangu hajawahi kufikisha mbili.

Niliituma.